Mwaliko wa utafiti usiwe amri kwa mwanafunzi wa uzamili

JUMA lililopita msomaji wa safu hii anayeishi mtaani Lucky Summer, Nairobi, alinitumia ujumbe ambao haujanitoka akilini. Yeye ni mwalimu wa shule ya upili na anasomea shahada ya uzamili jioni na wikendi. Alikuwa amepokea kwenye simu yake mwaliko wa kushiriki katika utafiti kuhusu masomo ya uzamili na uzamifu. Mwaliko wenyewe ulikuwa wa sentensi tatu tu: "Unatakiwa kujaza dodoso hili kuhusu uzoefu wako wa masomo. Majibu yako ni siri. Mwisho ni Ijumaa."

Chini yake akaniandikia: "Mwalimu, hebu nisaidie. Nikijaza ukweli, si supavaisa atajua ni mimi? Na nisipojaza, itakuwaje? Hapa wameandika 'unatakiwa'."

Nilimpigia tukazungumza. Utafiti wenyewe hakuuchukia hata kidogo. "Mambo ya kusema ninayo mengi sana," aliniambia, "lakini naogopa." Nilipousoma mwaliko ule mara ya pili niliona kwamba hofu yake ilitokana na maneno matatu yaliyochaguliwa ovyo: unatakiwa, uzoefu na siri. Leo tuyachambue, maana wasomaji wengi wa ukurasa huu ni wanafunzi wa vyuo vikuu ambao kesho watakuwa wakiandika mialiko ya aina hiyo.

Kwanza tukubaliane kuwa tafiti hizi zinahitajika. Mwanafunzi wa shahada ya kwanza ana darasa, ratiba na wenzake wa kulalamika nao. Wa uzamili, akishamaliza kozi za darasani, hubaki na pendekezo lake la utafiti na msimamizi mmoja au wawili. Akikwama, hukwama peke yake. Wengi wana kazi, watoto na karo ya kujilipia. Miongozo ya Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu (CUE) ya mwaka 2014 ilileta pia sharti la kuchapisha makala katika majarida ya kitaaluma kabla ya kufuzu. Mtu anayefunza kutwa nzima, kisha akapanda matatu kwenda mjini kwa kipindi cha jioni, anajua vizuri sharti kama hilo lina uzito gani. Chuo hakiwezi kujua hadi kimuulize. Na kuulizwa huko huanza na mwaliko.

Kualikwa na kutakiwa

Katika Kiswahili cha ofisini, kitenzi "kutakiwa" kimebeba amri. Chifu akikuandikia kwamba unatakiwa ofisini kwake, huendi kwa sababu umependa. Ndiyo maana msomaji wangu aliuliza "itakuwaje" asipojaza. Linganisha na "kualikwa". Aliyealikwa harusini anaweza kwenda, anaweza kutuma udhuru, na hakuna atakayemshtaki.

Tofauti hii ina historia chungu. Kanuni za Nuremberg za mwaka 1947, zilizotokana na kesi ya madaktari wa Ujerumani ya Nazi waliowafanyia wafungwa majaribio, huanza na sharti la ridhaa ya hiari. Hata baada ya hapo dunia haikujifunza upesi. Kule Tuskegee, Marekani, wanaume weusi waliokuwa na kaswende walifuatiliwa kuanzia mwaka 1932 hadi 1972 bila kuelezwa ukweli, na bila kupewa penisilini hata ilipokuwa imepatikana. Kashfa hiyo ilichangia kuandikwa kwa Ripoti ya Belmont ya mwaka 1979, iliyoweka misingi mitatu: kumheshimu mtu, kumtendea mema na kumtendea haki.

Dodoso la kwenye simu si sindano, nakubali. Hata hivyo, msingi ni ule ule. Hapa kwetu, Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inadai kwamba mtu anapoombwa ridhaa ya kutumia taarifa zake, aitoe waziwazi, kwa hiari, kwa jambo mahususi na baada ya kuelezwa. Tena anaweza kuiondoa wakati wowote. Neno "unatakiwa" haliwezi kukaa nyumba moja na matakwa hayo.

Hali huwa mbaya zaidi ikiwa anayealika ni mhadhiri wa mwalikwa, au mtu aliyetumwa na mhadhiri huyo. Mwanafunzi anayesubiri sura yake ya tatu isomwe atamkatalia nani? Katika hali kama hiyo ni heri mwaliko utumwe na mtu asiye na mamlaka ya kutoa alama wala kutia sahihi tasnifu.

Idhini si ridhaa

Watafiti wengi hujitetea kwa kusema, "Mimi nina kibali." Ni kweli kwamba Tume ya Kitaifa ya Sayansi, Teknolojia na Uvumbuzi (NACOSTI), iliyoundwa chini ya sheria ya mwaka 2013, ndiyo hutoa leseni za utafiti nchini. Kamati za maadili nazo hupitia mapendekezo. Lakini zote hizo hutoa idhini. Idhini hutoka juu, kwa mwenye mamlaka. Ridhaa hutoka moyoni mwa mtu mwenyewe, na ndiyo maana tunasema fulani "ameridhia" au "ameridhika". Kibali cha NACOSTI humruhusu mtafiti abishe hodi. Hakimlazimishi mwenye nyumba kufungua.

Uzoefu au tajriba?

Neno la pili ni "uzoefu". Linatokana na kuzoea, na Wakenya wengi wamelizoea katika matangazo ya kazi: "awe na uzoefu wa miaka mitano". Msomaji wangu alikiri kwamba alipoliona alidhani anaulizwa amesoma kwa muda gani. "Mimi bado sijazoea hata," akasema akicheka. "Ningejaza nini?"

Wasomi wengi hapa Kenya hutumia "tajriba" kwa yale mtu aliyoyapitia na athari yake kwake. Ni neno zuri, ila si kila mwanafunzi wa uhandisi au uuguzi analijua. Katika mwaliko ni heri kusema wazi: "yale uliyopitia tangu ulipojiunga na masomo ya uzamili". Kisha mifano ifuate: kupata msimamizi, kusubiri maoni yake, kulipa karo, kukusanya data, kugawa muda kati ya kazi na masomo. Mtu akiona mifano hiyo hujua mara moja kama ana la kusema.

Hata "dodoso" na "hojaji" si maneno matupu. La kwanza hutumika zaidi Tanzania, na kudodosa ni kuchimba habari kidogo kidogo kwa maswali. Nalo "kuhoji" limechafuka kwetu, kwa sababu magazeti huandika kila siku kwamba mshukiwa "amehojiwa na polisi". Ukimwita mwanafunzi "mhojiwa" humfanyi mshukiwa, lakini usishangae akijikunja kidogo. Mimi hupendelea "mshiriki". "Mtafitiwa" lina kiambishi cha kutendwa: mtu anafanyiwa jambo, naye ametulia tu. Mshiriki hutenda pamoja nawe.

Siri ya watu wangapi?

Neno la tatu ndilo zito kuliko yote. "Majibu yako ni siri." Siri ni jambo linaloishia kati ya watu wanaoaminiana. Mtafiti naye hukusanya majibu ili ayaandike katika tasnifu, ayawasilishe kongamanoni na kuyachapisha. Hawezi kuahidi siri kwa maana hiyo. Anachoweza kuahidi ni kwamba jina halitatajwa, na kwamba data itahifadhiwa mahali ambapo watu wengine hawafiki.

Hata kuficha jina pekee hakutoshi. Chukulia tasnifu imeandika hivi: "Mshiriki wa nne, mwalimu wa Kiswahili anayeishi Lucky Summer, mwanafunzi wa uzamili wa mwaka wa pili, alisema msimamizi wake alikaa na sura moja miezi saba." Jina halipo. Lakini katika idara yenye wanafunzi kumi wa uzamili, nani hatamjua? Mtaa, somo, mwaka na kazi vikiwekwa pamoja ni sawa na kumtaja. Haki ya faragha imo katika kifungu cha 31 cha Katiba ya mwaka 2010, na hapa ndipo inapovunjwa na mtafiti mwenye nia njema kabisa.

Dawa yake si ngumu. Mtafiti aunganishe washiriki kutoka vyuo na idara kadhaa, aseme "mtaa wa Nairobi" badala ya kutaja mtaa wenyewe, na aache maelezo ambayo hoja haiyahitaji. Zaidi ya yote, amwonyeshe mshiriki dondoo lake kabla ya kulichapisha. Mshiriki akisema "hili liondoe", liondolewe.

Somo la jirani

Lucky Summer inapakana na Korogocho. Wakazi wa Korogocho wanaujua utafiti kuliko wahadhiri wengi. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, kituo cha utafiti wa idadi ya watu na afya barani Afrika, APHRC, kilianza kufuatilia kaya za huko na za Viwandani: waliozaliwa, waliofariki, waliohamia na waliohama. Mahali ambapo watu wanabishiwa mlango mara nyingi hivyo, swali la mkazi huwa moja: mliyoyachukua mwaka jana yalileta nini?

Mwanafunzi wa uzamili ana haki ya kuuliza swali hilo hilo. Mwaliko useme matokeo yatapelekwa wapi, na mshiriki atayaonaje. Usiahidi mageuzi usiyoweza kuyaleta. Ukisema "utafiti huu utabadilisha usimamizi wa tasnifu nchini", unamdanganya. Ukisema "muhtasari wa kurasa mbili utatumwa kwako na kwa wakuu wa idara zinazohusika", hiyo ni ahadi unayoweza kudaiwa.

Basi mwaliko ule wa sentensi tatu ungeandikwaje? Mimi ningeuandika hivi:

"Unaalikwa kushiriki katika utafiti kuhusu yale wanafunzi wa uzamili na uzamifu wanayopitia masomoni. Mazungumzo yatachukua takriban dakika 40, kwa simu au mahali utakapochagua, kwa Kiswahili au Kiingereza. Bando au nauli utakayotumia utarudishiwa. Kushiriki ni hiari. Unaweza kuruka swali lolote au kujiondoa bila kutoa sababu, na hilo halitaathiri masomo yako. Jina lako, idara yako na jina la msimamizi wako hayataandikwa. Utaonyeshwa maneno yako kabla hayajachapishwa. Ukiwa na swali au lalamiko, hii hapa nambari yangu, na hii ni ya kamati ya maadili iliyoidhinisha utafiti."

Ni mrefu kuliko ule wa kwanza, ndiyo. Lakini kila sentensi inajibu swali ambalo mwalikwa angeogopa kuuliza. Suala la lugha nalo lisidharauliwe. Kifungu cha 7 cha Katiba kinakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha rasmi. Mtu anayeandika tasnifu kwa Kiingereza anaweza kutaka kuyasimulia machungu yake kwa Kiswahili, tena cha mtaani. Mruhusu. Atakayekwambia "supa wangu alinitesa" amekueleza mengi kuliko atakayetafuta msamiati wa kitaaluma.

Nilimshauri msomaji wangu asijaze wala asikatae kwanza. Nilimwambia amwandikie mtafiti maswali matatu: nani mwingine ataona majibu yangu, idara yangu itatajwa, na naweza kujiondoa hadi lini? Jumatano alinipigia. Kumbe mtafiti mwenyewe ni mwanafunzi wa uzamifu, naye ana makataa yanayomkimbiza. Alijibu maswali mawili vizuri na kuomba radhi kwa neno "unatakiwa". Kuhusu idara, alisema hakuwa amelifikiria, na kwamba angemuuliza msimamizi wake.

"Sasa utajaza?" nikamuuliza.

"Nasubiri hilo la idara, Mwalimu. Akinijibu, nitamwambia yote."