Heshima Haipimwi kwa Tai

Mavuno yakishaingia, msimu wa harusi unaanza Nyanda za Juu Kusini, na mafundi cherehani wa Mwanjelwa jijini Mbeya na wa Miyomboni mjini Iringa wanafanya kazi hadi usiku. Kadi za mwaliko zinasema "mavazi rasmi", na wanaume wengi wanaelewa kwamba hiyo ni suti na tai. Koti nalielewa. Miji hii iko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na baridi ya Julai si ya mzaha. Tai, hata hivyo, haimkingi mtu na baridi yoyote.

Asili yake ni vitani. Katika karne ya 17, askari wa Kikroatia waliopigana upande wa Ufaransa walifunga vitambaa shingoni, na watu wa ikulu ya Louis XIV wakavutiwa, wakaiga. Baadaye Waingereza wakaifanya alama ya shule, kikosi na klabu. Sisi tuliipokea kupitia shule, pamoja na tahajia ya Kiingereza cha Uingereza. Ndiyo maana mwanafunzi wa Iringa huandika "colour", wakati mgeni Mlutheri kutoka Minnesota, anayekuja kwa ushirikiano wa Bega kwa Bega na Dayosisi ya Iringa, huandika "color". Hakuna anayemwona mgeni huyo hana adabu. Anafuata kanuni za kwao, basi.

Kwenye mavazi hatuna uvumilivu huo, ingawa historia ya hapa hapa ingetosha kutufundisha. Mwaka 1928 serikali ya kikoloni ilifungua shule Malangali, Mufindi, chini ya mwalimu mkuu Mwingereza, W. B. Mumford. Alitaka elimu ijengwe juu ya mila za wenyeji. Wazee waliitwa kufundisha historia ya kabila, mikuki ilirushwa uwanjani, na badala ya shati na kaptula wavulana walivaa shuka la kufungwa begani kama walivyovaa baba zao. Ukisoma haraka unaweza kumshangilia Mumford. Mimi nasita. Vazi lilikuwa la wenyeji, lakini aliyelichagua alikuwa mzungu, tena katika nchi ambayo kazi za ofisini na mishahara vilikwenda kwa waliosoma kizungu. Walikuwepo Waafrika waliohofia kwamba watoto wao wanazuiwa kusonga mbele, na hofu yao ilikuwa na msingi. Jaribio lile halikudumu.

Waliokuja kubadilisha vazi rasmi kwa hiari yao ni viongozi wa uhuru. Picha za Mwalimu Nyerere za miaka ya 1950 zinamwonyesha na tai. Baadaye tukamzoea katika suti isiyohitaji tai. Ng'ambo ya Tunduma, Rais Kenneth Kaunda wa Zambia akalipa jina lake vazi ambalo mafundi wetu wanalishona mpaka sasa. Reli ya TAZARA, kilomita 1,860 zinazopita Makambako na Mbeya, ilijengwa na nchi tatu ambazo viongozi wake, Nyerere, Kaunda na Mao, walijulikana wote kwa suti zisizo na tai. Nani angethubutu kuwaambia hawakuvaa rasmi?

Amethubutu Spika wa Bunge la Kenya, Moses Wetang'ula. Novemba 2023 alipiga marufuku suti za Kaunda bungeni na kuwakumbusha wabunge wanaume juu ya koti, kola na tai, wakati Rais William Ruto mwenyewe alikuwa akizipenda suti hizo. Naona alikosea kama Mumford alivyokosea, ingawa kila mmoja alivuta upande wake: wote wawili walimwamulia mtu mzima, au mzazi wa mtoto, heshima yake ivalishwe nini.

Kwa hiyo nazisihi kamati za harusi za msimu huu, kuanzia Mafinga hadi Tukuyu. Mkiandika "mavazi rasmi", ongezeni mstari mmoja: suti ya Kaunda na mgolole, yaani shuka la kufungwa begani, vinakaribishwa. Kisha mwambieni kijana anayesimama mlangoni mapema, kabla mzee wa Kihehe aliyevaa mgolole wake safi hajafika na kuulizwa tai iko wapi.