Picha ya Kwa Rhonda inayowatangulia wakazi wake

Kwa Rhonda, mtaa ulio magharibi mwa jiji la Nakuru jirani na mbuga ya Ziwa Nakuru, huingia kwenye habari za kitaifa kwa sababu chache: ghasia za kisiasa, magenge ya vijana na uchafu. Habari hizo hazikubuniwa. Zaidi ya watu 1,100 waliuawa nchini Kenya baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, na machafuko yalipofika Nakuru mwishoni mwa Januari 2008, Kwa Rhonda, Kaptembwo na Ponda Mali zilikuwa kati ya sehemu zilizoumia vibaya. Magenge nayo yapo, na wa kwanza kuteswa nayo ni wapangaji wa mitaa hiyohiyo. Kwa hiyo anayetaka kuwatetea watu wa Kwa Rhonda asianze kwa kudai kwamba waandishi wamesema uongo. Madhara yanatoka kwingine: ukweli wa siku chache ukirudiwa miaka nenda miaka rudi, huonekana kuwa ndiyo tabia ya mtaa mzima, na mtu huhukumiwa kabla hajafungua mdomo.

Wanasaikolojia wa jamii wamekuwa wakiuchunguza mwendo huu kwa zaidi ya miaka 60. Serge Moscovici, katika kitabu alichochapisha Ufaransa mwaka 1961, alionyesha jinsi magazeti ya makundi mbalimbali yalivyozipa nadharia za Freud sura tofauti, kila kundi likizifasiri kwa yale liliyokwisha kuyaamini. Kwa maelezo yake, jambo geni hatulipokei jinsi lilivyo. Tunalifunga kwenye jambo tunalolijua, kisha tunalipa uso. Jiji nalo huwafanyia hivyo wakazi wake. Wanawake walipouawa Mawanga mwaka 2022, mbali na Kwa Rhonda, mazungumzo yalihamia upesi kwenye genge la Confirm, na kutoka kwenye genge yakahamia kwenye mitaa ya kipato cha chini kwa jumla. Uso ulikuwa umekwisha kuchorwa. Fundi wa mjengo, muuza mboga na mwalimu wa chekechea wakajikuta wameuvaa.

Lakini je, vyombo vya habari humbadilisha kweli anayevifuatilia? Ushahidi ninaouona kuwa na uzito zaidi umetoka kwa majirani zetu Rwanda. Mtafiti Elizabeth Levy Paluck alipanga vikundi vya wasikilizaji kwa mwaka mzima. Vingine vikasikiliza Musekeweya, mchezo wa redio kuhusu vijiji viwili vinavyogombana na njia ndefu ya kupatana, vingine mchezo unaohusu afya. Katika matokeo aliyoyachapisha mwaka 2009, imani za ndani za waliosikiliza Musekeweya hazikubadilika sana. Kilichobadilika ni mawazo yao kuhusu yanayokubalika katika jamii, mathalani suala la kuoana kati ya makundi, na pia matendo yao: walipopewa kaseti na betri za redio, walielekea kuzitunza kwa pamoja. Mimi hili nalisoma kama onyo kwa Nakuru. Mwenye nyumba za kupangisha kule Milimani, mtaa wa wenye uwezo, anaweza asiamini hata kidogo kwamba kijana wa Kwa Rhonda ni mhalifu. Anadhani tu kwamba wapangaji wake wengine wataamini hivyo, na dhana hiyo inatosha kumfanya aseme nafasi imejaa. Kijana amenyimwa chumba na mtu asiye na chuki naye.

Wapo watakaosema watazamaji si wajinga: wana jamaa Kwa Rhonda, hupanda matatu za huko, wanajua mambo yalivyo. Ni kweli, ila ujuzi wa mtu binafsi hauondoi wasiwasi wake juu ya wenzake. Pingamizi zito zaidi ni la wanahabari wenyewe, kwamba kunyamazia uhalifu ni kuwatelekeza wanaodhulumiwa. Hapo nakubaliana nao kabisa. Anayenyang'anywa simu alfajiri akienda kibaruani anastahili habari yake iandikwe na polisi waulizwe. Kupamba mtaa kwa habari tamu kungemwongezea dhuluma. Ninachohoji ni nafasi anazopewa mkazi: mshukiwa, mwathiriwa au shahidi, mara chache sana mjuzi. Tangu mwaka 2012 Practical Action na Umande Trust waliendesha mradi wa usafi Kwa Rhonda na Kaptembwo, wakishirikiana na wenye ploti na wapangaji kuboresha vyoo. Mwenye ploti aliyechimba choo katika udongo wa volkano wa Nakuru, unaobomoka kwa urahisi, ana mengi ya kumfunza afisa wa jiji. Aulizwe kuhusu sera ya majitaka, atajwe kwa kazi yake, na aulizwe hata katika juma ambalo hakuna aliyeuawa.

Utafiti wa kupima hapa Nakuru kama jina la mtaa humnyima mtu nafasi si mgumu, na mfano wake upo. Marianne Bertrand na Sendhil Mullainathan walituma maombi ya kazi karibu 5,000 huko Boston na Chicago. Katika matokeo ya mwaka 2004, majina yanayosikika kuwa ya Wazungu yalipata miito zaidi kwa takriban nusu kuliko yale ya Wamarekani Weusi, na anwani ya mtaa wenye nafasi nzuri ikasaidia pia. Chuo Kikuu cha Egerton kiko Njoro, safari fupi kutoka Kwa Rhonda. Barua mbili zenye ujuzi uleule, moja ikitaja Milimani na nyingine Kwa Rhonda, zipelekwe kwa waajiri wa Nakuru, nyingine zikitumwa juma la kawaida na nyingine juma ambalo mtaa umetajwa kwenye habari za saa moja jioni. Kazi hiyo ikianza mapema, wahariri na serikali ya kaunti watakuwa na takwimu mkononi kabla ya uchaguzi wa 2027.