Kutafuta okapi mu API: kichujio kinatupa nini?

Bandugu wa promo zote, ninyi munaoandika TFC juu ya wanyama, mimea ao mazingira: mbele ya kumaliza mega kwa kupakua faili nzima, jueni kwamba unaweza kuomba seva ikupe paka kile unachohitaji. Njo kazi ya API. Unaandika ombi sawa vile unaandika anwani ya saiti yoyote, na jibu linarudi limechujwa tayari. Hata simu inatosha kwa kujaribu.

Nachukua mufano wa GBIF, mtandao ulioanzishwa mwaka 2001, wenye ofisi yake kule Copenhagen. Unakusanya rekodi za viumbe kutoka makumbusho, vyuo na watafiti wa dunia nzima, zaidi ya bilioni 2. Kuzisoma ni bure, na kwa kutafuta tu hauombwi hata akaunti.

Tuseme unatafuta okapi. Wengi wanaanza na neno tupu:

api.gbif.org/v1/occurrence/search?q=okapi

Hapo seva inatafuta neno, haitafuti mnyama. Ndege ao kipepeo aliyepatikana mu hifadhi ya Okapi kule Ituri anaweza kuingia naye mu jibu, juu jina la fasi liko na neno hilo. Na okapi mwenyewe, kama aliandikwa paka kwa jina la kisayansi, anaweza kukosekana. Njo maana tunachuja kwa sehemu inayohusika:

api.gbif.org/v1/occurrence/search?scientificName=Okapia%20johnstoni&country=CD&limit=0

Ile alama & ni kusema "na tena": masharti yote yatimie. CD njo sisi. CG ni Brazzaville. Herufi moja tu, na unafanya utafiti wa nchi ya jirani! (Ukikuta ZR mu data za zamani, ni Zaire, tulibadilishiwa kodi mwaka 1997.) limit=0 inaomba hivi: usiniletee rekodi, nihesabie tu. Jibu linakuwa fupi, na pale penye count unasoma hesabu.

Sasa tusimame kidogo. Mtu akitaka kuchora ramani, anaongeza hasCoordinate=true. Inaonekana ni usafi tu. Lakini fikiria ngozi ao fuvu lililopelekwa Ulaya wakati wa ukoloni: kwa karatasi yake waliandika jina la kijiji ao la mto, basi. GPS haikuwako. Kama hakuna mtu aliyekuja kisha kutafuta latitudi na longitudi ya kile kijiji, ile rekodi inatoka, na seva haikwambii kitu. Ramani yako inabaki na fasi nyeupe, na siku ya defansi unasema "hapa okapi hayuko", kumbe yuko mu sanduku la makumbusho, anakosa tu namba mbili.

Kwa hiyo mimi nahesabu mara mbili, bila kichujio na pamoja nacho, na tofauti naiandika mu sura ya mbinu. Kisha nageuza: hasCoordinate=false, nasoma zile zilizotupwa, jina la fasi moja moja. Wewe mwenye kuzaliwa Mambasa ao Isiro, vile vijiji unaweza kuvijua kuliko mtu wa Copenhagen. Hiyo peke yake iko kazi nzuri ya TFC.

Na miaka ni vilevile: year=1900,1960 inaleta kipindi hicho, lakini rekodi isiyo na mwaka inabaki inje.

Jambo la mwisho ni dogo, lakini linaharibu kazi za watu. Usipotaja limit, seva inakupa rekodi 20, na mtu anafikiri njo zote. Andika limit=300, njo mwisho wake kwa ombi moja. Ukiona endOfRecords iko false, ongeza offset=300, kisha offset=600, mpaka igeuke true.