Kenya: Pedi na diski za breki zilizotumika zinaweza kurudi mashindanoni?

Mbio za magari nchini Kenya zina historia ndefu. Safari Rally ilianzishwa mwaka 1953, na katika miaka yake ya mwanzo ilipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Baada ya kuwa nje kwa miaka mingi, ilirejea katika ratiba ya ubingwa wa dunia mwaka 2021, ikiwa na makao yake Naivasha. Lakini nyuma ya timu kubwa wapo madereva wanaoshindana kwa magari yao wenyewe na kwa fedha za mifuko yao. Kwao, swali la gereji ni hili: pedi na diski za breki zilizokwisha kutumika, je, zinaweza kurudishwa kwenye mbio bila kuhatarisha maisha?

Jibu ni ndiyo, kwa sharti moja kuu: pedi na diski ni jozi, na jozi hiyo haipaswi kutenganishwa.

Joto ndilo adui

Breki hugeuza mwendo kuwa joto. Gari la kilo 1,200 linapopunguza kasi kutoka kilomita 120 hadi 60 kwa saa, joto linalotoka linatosha kuchemsha takriban lita moja na nusu ya maji. Barabarani, dereva hufanya hivyo mara chache. Katika mbio hufanya hivyo kwenye kila kona, na diski hazipati muda wa kupoa.

Pedi za kawaida zikizidiwa na joto hupoteza mshiko. Pedi za mbio hustahimili joto hilo, lakini nyingi hazishiki vyema zikiwa baridi. Ndiyo maana madereva wengi hufunga pedi za mbio siku ya mashindano na kurudisha za kawaida kabla ya kuelekea nyumbani. Katika kubadilishana huko ndipo makosa mengi hutokea.

Kwa nini jozi?

Pedi inapofanya kazi katika joto kali, huacha utando mwembamba wa malighafi yake juu ya diski. Mshiko mzuri hutokana na pedi kukutana na utando huo. Pedi ya aina nyingine ikiwekwa juu yake, mshiko huwa haueleweki, na mara nyingi usukani au pedali hutetemeka. Wengi husema diski imepinda, ilhali mara nyingi ni utando ulioganda bila usawa.

Kwa sababu hiyo, pedi mpya huzoeshwa kwanza. Katika eneo lililofungwa kwa magari mengine, dereva hupunguza kasi kutoka kilomita 100 hadi 20 kwa saa, mara nane hadi kumi mfululizo, bila kusimama kabisa. Kisha huendesha dakika kadhaa bila kugusa breki ili zipoe. Akisimama na kukanyaga pedali zikiwa na moto, pedi huacha alama yake mahali pamoja kwenye diski, na mtetemo huanzia hapo. Kila mtengenezaji huwa na maelekezo yake, na hayo ndiyo ya kufuatwa kwanza.

Kabla ya kurudisha kilichotumika

Wakati wa kufungua, fundi huandika kwenye kila pedi upande iliotoka, kushoto au kulia, ndani au nje, na kuihifadhi pamoja na diski yake mahali pakavu. Vumbi la breki halipulizwi kwa upepo wa kompresa, kwani hudhuru mapafu, na baadhi ya pedi za zamani zina asbesto.

Diski hupimwa unene kwa maikromita. Kipimo cha chini kabisa huwa kimechapwa kwenye diski yenyewe, na iliyofika hapo haifai tena. Nyufa nyembamba kama unywele juu ya uso ni jambo la kawaida katika mbio. Lakini ufa unaonasa ukucha, au uliofika ukingoni, ni hukumu ya mwisho: diski hiyo hutupwa.

Pedi nazo hazisubiriwi hadi ziishe. Pedi nyembamba hupitisha joto haraka hadi kwenye pistoni na mafuta ya breki, hivyo mafundi wengi wa mbio huzitoa zikiwa zimebakia takriban nusu. Kwa viwango vya kimataifa, mafuta mapya ya DOT 4 hayapaswi kuchemka chini ya nyuzi joto 230 za Selsiasi, lakini yakishavuta unyevu, kiwango hicho chaweza kushuka hadi 155. Yakichemka, pedali huzama hadi chini na gari halisimami. Kuyabadilisha kabla ya mbio ni gharama ndogo.

Diski ikikutana na pedi ya aina nyingine, uso wake husafishwa kwa msasa au kukerezwa, ikiwa unene unaruhusu, kisha pedi huzoeshwa upya. Kutu hukwanguliwa kwenye habu kabla ya kufunga, maana chembe ndogo tu huifanya diski izunguke ikiyumba.

Kwa anayenunua vipuri vilivyotumika, somo ni hilo hilo. Diski isiyojulikana ilitumika na pedi ipi inaweza kupimwa, kusafishwa na kufaa. Pedi isiyojulikana asili yake haina kipimo cha kuithibitisha, na haifai kukabidhiwa maisha ya mtu.