Hofu ya saratani: Chunga moto wa kikombe, si kahawa

JE, umewahi kuambiwa kwamba kahawa huleta saratani? Bila shaka umeambiwa, na pengine ulifanya kama wengi wetu: ulishtuka kidogo, ukacheka, kisha ukaagiza kikombe kingine.

Kule Banissa, Kaunti ya Mandera, karibu na mpaka wa Ethiopia, onyo kama hilo ni gumu hata kulieleza. Huko buni si za kunywa tu. Miongoni mwa Wagarre na Waborana, hukaangwa kwa samli na kutafunwa, na mgeni wa heshima huandaliwa. Mwambie mama aliyeinamia kikaango kwamba anawalisha wageni ugonjwa, naye atakujibu kwamba bibi yake alizitafuna hadi akazeeka. Jibu hilo lina uzito wake, ingawa si ushahidi: waliokufa mapema hawapo kutusimulia.

Onyo lenyewe lilitoka wapi? Mwaka 1991, Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, ambalo ni tawi la Shirika la Afya Duniani lenye makao yake Lyon, Ufaransa, lilitangaza kwamba huenda kahawa inachangia saratani ya kibofu cha mkojo. Miaka 25 baadaye, Juni 2016, wanasayansi 23 walipitia tafiti zaidi ya 1,000 na kuiondoa kahawa katika orodha hiyo. Tatizo moja la tafiti za awali ni kwamba wanywaji wengi wa kahawa walikuwa pia wavutaji wa sigara, na ilikuwa vigumu kujua mkosaji ni yupi. Wanasayansi hao waliona hata dalili kwamba wanywaji wa kahawa hupatwa kwa nadra zaidi na saratani ya ini.

Lakini kelele hazikuisha. Mwaka 2018 jaji mmoja wa California, Marekani, aliamua kwamba wauzaji wa kahawa waweke onyo la saratani, kwa sababu buni zikikaangwa hutoa kemikali iitwayo akrilamaidi. Watu walifanya mzaha, na si ajabu, maana kemikali hiyo hiyo imo katika chipsi na mkate uliobanikwa. Mwaka uliofuata serikali ya jimbo hilo ikaisamehe kahawa.

Mwananchi akiambiwa leo ni hatari na kesho si hatari, hatimaye haamini lolote. Hapo ndipo penye hasara, msomaji, kwa sababu kikao kile cha 2016 kilitoa onyo jingine ambalo linatuhusu sisi zaidi, na wachache walilisikia. Kilisema kwamba kinywaji chochote kilicho moto kupita nyuzi 65 za Selsiasi, iwe chai, kahawa au maji matupu, yaelekea husababisha saratani ya umio, yaani njia ya chakula kutoka kooni hadi tumboni. Wengi huiita saratani ya koo.

Ugonjwa huo si wa mbali. Umeenea katika ukanda unaoanzia Ethiopia, ukapita Kenya, Tanzania na Malawi, hadi Afrika Kusini. Utafiti uliofanywa Eldoret na kuchapishwa mwaka 2019 ulionyesha kwamba wanaokunywa vinywaji vya moto sana wana hatari zaidi ya maradufu kuliko wanaokunywa vya vuguvugu. Kilimanjaro nako, watafiti walipima vikombe na kukuta watu wakianza kunywa chai ikiwa imepita nyuzi 70. Chai ya maziwa ndiyo iliyonywewa ikiwa moto zaidi.

Sasa fikiria shaah yetu ya maziwa, iliyochemshwa pamoja na sukari na iliki, ikamiminwa kutoka thamosi moja kwa moja hadi kikombeni. Wewe wa Eastleigh au Garissa mjini usidhani umesalimika. Thamosi ya ofisini ni ile ile. Na wako wanaojisifu kwamba chai isiyochoma si chai.

Dawa yake haina gharama. Subiri dakika chache, au mimina chai kutoka kikombe kimoja hadi kingine. Wazee waliokuwa wakinywa kwenye kisahani, tuliowacheka kwamba ni washamba, walikuwa wakiipoza. Mgeni naye apewe nafasi ya kungoja bila kuonekana amekataa chai. Tumbaku na pombe ni hatari zaidi kwa umio, kwa hiyo anayevuta huku akinywa cha moto anajiongezea mzigo.

Jambo la kuangalia ni kumeza. Kwanza nyama hukwama, mtu akateremsha kwa maji. Kisha hata wali hukwama, na mwili ukaanza kupungua. Wengi hudhani ni vidonda vya tumbo, wakanunua dawa dukani miezi mingi. Kwa mkazi wa Banissa, safari ya kituo cha saratani kilichoko Garissa ni ndefu na ya gharama, ndiyo maana watu huahirisha. Ukiona chakula kinakwama kwa zaidi ya wiki mbili, nenda hospitali iliyo karibu ukaombe kupimwa kwa kamera ya umio au kuelekezwa inakopatikana. Usingoje hadi uji nao ukatae kupita.