Je, Wajua? Meli Zilizojificha Nyuma ya Picha

Msimu wa korosho ukipamba moto, malori hupita hapa kwetu Makote, juu uwandani, mchana na usiku, na watoto wanaocheza kando ya barabara huyataja moja moja kabla hayajafika. Lile Scania, lile Fuso, lile la nyuma Canter. Husikiliza mlio, hutazama pua, huhesabu matairi. Msimu uliopita mtoto wa jirani yangu alipita mbele ya kibaraza akiburuta gari lake mwenyewe: bodi ya dumu la mafuta ya kula lililokatwa ubavu, taa za vizibo vya soda, magurudumu sita yaliyochongwa kwenye ndala zilizochakaa. Nikamsifu, "Fuso yako nzuri." Akasimama, akanijibu kwa adabu, "Siyo Fuso hivi hivi, mjomba. Ni Fuso tandamu. Hesabu matairi ya nyuma."

Nilihesabu. Alikuwa ameongeza ekseli ya pili kwa kijiti cha mwanzi. Kwa kijiti kimoja gari lilikuwa limebadilika aina, na yeye alitaka badiliko hilo liheshimiwe.

Je, wajua kwamba wako watu wazima duniani waliotumia miaka wakifanya kazi hiyohiyo, ila wao si kwa malori bali kwa meli za angani ambazo hazijawahi kuwapo? Tarehe 24 Septemba 1990, televisheni za Marekani zilionyesha sehemu ya pili ya hadithi ya Star Trek: The Next Generation iitwayo The Best of Both Worlds. Meli 40 zimekwenda kupambana na adui karibu na nyota Wolf 359. Meli kubwa ya hadithi, Enterprise, inafika vita vimekwisha. Kinachobaki ni mabaki yanayoelea gizani, na kamera inayapitia kwa sekunde chache tu.

Sekunde hizo zilihitaji meli nyingi, na fedha za kuziunda upya zote hazikuwapo. Mafundi, miongoni mwao Michael Okuda, Ed Miarecki na Greg Jein, wakachukua vipande vya modeli za plastiki, zile seti za kuunganisha nyumbani zinazouzwa madukani, wakaviungaunga. Sahani ya mbele wakaitoa kwenye seti hii, kiwiliwili kwenye ile, injini wakazigeuza au kuzipunguza. Palipokosekana kipande walitazama mezani pao: meli mojawapo, Ahwahnee, ilipata injini nne zilizokuwa kalamu nene za rangi, zile za kukoleza maandishi kitabuni. Nyingine, Kyushu, ilibandikwa kalamu za namna hiyo kwenye sahani na tumboni. Kisha wakazitoboa, wakazichoma na kuzipaka masizi, kwa maana zilitakiwa zionekane zimepigwa.

Hakuna aliyetarajia mtazamaji azitambue. Lakini watu walikuwa na mikanda ya video. Waliirudisha nyuma, wakaisimamisha picha moja baada ya nyingine, wakaanza kuuliza maswali ya mtoto wa Makote. Injini ngapi? Mbili, tatu, au nne? Ziko juu ya sahani au chini yake? Shingo ipo, au sahani imekaa moja kwa moja juu ya kiwiliwili? Kwa maswali hayo machache walitenganisha meli zilizoonekana kama vivuli tu, na baadaye picha za modeli zenyewe zilipochapishwa, kila umbo likapewa jina la aina yake. Ahwahnee ikawa ya aina ya Cheyenne, Kyushu ikawa ya New Orleans, na Princeton, yenye injini tatu, ikaitwa Niagara.

Mara nyingine ushahidi wenyewe ulipingana. Kati ya mabaki ya 1990 ilikuwamo meli iitwayo Melbourne, ya umbo fupi linalofanana na aina ya Nebula. Januari 1993 mfululizo mpya, Deep Space Nine, ulianza kwa kuonyesha vita vyenyewe vya Wolf 359, na humo Melbourne ikaonekana ikipigwa. Safari hii ilikuwa na umbo jingine kabisa, refu, la aina ya Excelsior. Jina moja, vita vimoja, meli mbili. Sababu haikuwa fumbo: modeli ya Excelsior ilikuwa kubwa, yenye madoido yaliyovumilia kamera ya karibu, na ile ndogo ya kuungaunga haikuweza. Mimi naipenda habari hii kwa sababu inaonyesha mkono wa fundi. Ukiona umbo limebadilika ghafla, tafuta kwanza nani alikuwa na kifaa gani mezani siku ile.

Kuna na ile meli Reliant ya filamu ya Star Trek ya 1982, yenye injini zinazoning'inia chini badala ya kusimama juu kama za Enterprise. Watengenezaji wanasimulia kwamba mchoro wa kwanza ulikuwa na injini juu, lakini mtayarishaji Harve Bennett aliushika kichwa chini miguu juu, akautia saini ya kuukubali. Mafundi wakaujenga vile alivyouona. Aina nzima ya meli, inayoitwa Miranda, ilizaliwa hapo.

Na kabla sijaondoka angani: Kiswahili kilikuwamo ndani ya hadithi hizi tangu usiku wa kwanza. Kipindi cha kwanza cha Star Trek kurushwa, tarehe 8 Septemba 1966, kina kiumbe anayejigeuza sura na kumsemesha mhusika aitwaye Uhura kwa Kiswahili ndani ya meli. Jina Uhura lenyewe limetokana na neno uhuru. Nichelle Nichols, aliyeigiza nafasi hiyo, alieleza kwamba siku ya usaili alikuwa ameshika riwaya ya Robert Ruark yenye jina hilo. Mwaka 1966 neno hilo lilikuwa bado moto midomoni mwetu. Tanganyika ilikuwa haijatimiza miaka mitano tangu ilipojitawala.

Sasa tushuke. Je, wajua kwamba meli zetu za nyuma ya picha zina umri wa mamia ya miaka, na ziko umbali wa safari ya basi kutoka huku uwandani? Shuka Lindi, pinda kaskazini hadi Kilwa Masoko, panda boti uvuke kwenda Kilwa Kisiwani na Songo Mnara. Magofu ya visiwa hivyo viwili yaliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1981. Wageni hutazama matao, kuba za msikiti, na jumba la Husuni Kubwa lililojengwa karne ya 14 kwa amri ya Sultani al-Hasan bin Sulaiman. Wachache huinama kutazama lipu. Humo, kwenye chokaa ya kuta, watu wa zamani walikwaruza meli kwa ncha ya kitu kikali. Ni mistari myembamba tu, ambayo jua la mchana huifuta machoni na jua la jioni, likipiga kwa ubavu, huirudisha.

Mwaka 1964 Peter na Margaret Garlake walichapisha utafiti juu ya michoro ya namna hii katika pwani ya Afrika Mashariki. Kazi yao ilikuwa ileile ya kuhesabu injini, ila kwa msamiati wa baharini. Omo limechongoka au limepinda? Tezi limekaaje? Mlingoti ni mmoja? Tanga ni la pembe tatu, kama la majahazi tunayoyajua leo, au la mraba? Ni hapo kwenye tanga ndipo michoro mingine inaposhangaza, kwa kuwa tanga ni la mraba, na chombo cha pwani yetu kilichojulikana zaidi kwa tanga hilo ni mtepe.

Mtepe haukuwa na msumari hata mmoja. Mbao zake zilitobolewa kingoni, zikashonwa kwa kamba za makumbi ya nazi, na kati ya ubao na ubao vikapigiliwa vijiti vya kuzishikilia zisiteleze. Tanga lake lilikuwa mkeka, kazi ya kusuka miyaa. Omo lilinyanyuka na kupinda kama shingo, likachorwa macho, likapambwa, na wenyewe walisema ni shingo ya ngamia wa Mtume. Uliundwa katika visiwa vya Lamu, katika miji kama Faza, ukabeba boriti za mikoko hadi Unguja. Kwa sababu ya kushonwa, kiwiliwili chake kilinyumbuka. Kikipanda mchanga hakikuvunjika upesi kama cha misumari. Lakini kilivuja, na mabaharia hawakupumzika kukumba maji. Ushonaji huo ni wa kale mno. Mwandishi wa Kiyunani wa karibu miaka 2,000 iliyopita, katika kitabu cha safari za Bahari ya Hindi, anaitaja bandari ya pwani hii iitwayo Rhapta, na kusema jina hilo limetokana na vyombo vyake vya kushonwa.

Na mtepe nao ulikuwa na tandamu yake. Kulikuwa na dau la mtepe: mbao zilezile za kushonwa, tanga lilelile la mkeka, ila omo halikuwa na ile shingo ya kupinda. Lilinyooka na kuchongoka. Mtu asiyejua angeviita vyote viwili mtepe, na kwenye picha ya mbali, chombo kikiwa kimegeuza tezi, angekuwa na haki ya kukosea. James Hornell, aliyeandika juu ya vyombo hivi mwaka 1941, alivitenganisha kwa uangalifu, na alifanya vyema kuwahi. Kufikia katikati ya karne ya 20 mtepe ulikuwa umetoweka baharini. Tulichobaki nacho ni picha chache, maandishi, na modeli ndogo za mbao zilizohifadhiwa katika makumbusho, yakiwamo ya Lamu. Yaani hali yetu kwa mtepe ni sawa na ya wale watazamaji wa mikanda ya video: tunaijua meli kwa sanamu yake.

Tofauti ni kwamba sisi tuliweza kuirudisha. Mwaka 2003 mtepe wa ukubwa kamili ulionekana tena Unguja, ukaundwa na kuwekwa katikati ya ukumbi wa jumba la Beit al-Ajaib, ukaitwa Shungwaya. Ukisimama chini yake ulihitaji kuinua shingo kulitazama omo, na mishono ilipita ubavuni safu kwa safu kama ya kikapu. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya jengo hilo iliporomoka na watu wakapoteza maisha. Habari ile iliniuma mara mbili, kwanza kwa ajili yao, kisha kwa ajili ya jumba lenyewe na vyote lililovihifadhi.

Nani ana picha ya zamani ya bandari ukutani, ya Mikindani, Lindi au Unguja, yenye watu wazito waliosimama mbele? Aiangalie nyuma yao. Jahazi lenye omo lililosimama wima kama ukuta, na duara mbili mithili ya macho pembeni, ni la Lamu. La Unguja omo lake hulala kwa mbele. Chombo kilichochongoka omo na tezi pia ni bumu la Ghuba. Chenye tezi pana, la juu, lililonakshiwa kama mlango wa Mji Mkongwe ni baghala. Chenye omo lililopinda, lenye pambo la kuchongwa nchani, ni ghanja. Ngalawa hata mtoto wa bara huijua kwa yale matengo yake mawili. Mpiga picha hakukusudia kukuonyesha lolote kati ya hayo. Alikuwa akimpiga picha gavana.

Hata huku juu, kwenye nyanda hizi zisizo na bahari, watu walichora. Mwaka 1906 Mjerumani Karl Weule wa makumbusho ya Leipzig alipita Masasi, Newala na Mahuta, akawapa wapagazi wake na wenyeji karatasi na penseli wachore watakacho. Michoro yao aliichapisha katika kitabu chake cha 1908. Ndiyo, ilikusanywa na mtu wa serikali iliyokuwa ikizima vita vya Maji Maji kwa damu na njaa, na hilo halipaswi kusahauliwa ukiifungua. Lakini mkono ulioshika penseli ni wa kwetu.

Je, wajua kwamba Tanzania ina meli halisi iliyokuja kama seti ya kuunganisha? Liemba ya Ziwa Tanganyika iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913 kwa jina la Graf von Götzen, ikafunguliwa, ikafungwa katika masanduku yapatayo 5,000, ikasafirishwa kwa bahari hadi Dar es Salaam na kwa reli hadi Kigoma, na hapo ikaungwa upya. Mwaka 1916 Wajerumani wenyewe waliizamisha isitekwe. Waingereza waliinyanyua mwaka 1924 na kuirudisha kazini 1927 kwa jina inalolibeba mpaka leo.

Juzi nilimchorea yule mtoto mtepe, mchangani, kwa kijiti: shingo, macho, mkeka wa tanga, mistari ya kushona. Akautazama kwa muda. Kisha akachukua kijiti mkononi mwangu, akafuta shingo kwa kiganja, akachora omo la kunyooka mahali pake, akaniuliza hilo nalo lingeitwaje.