Mlaji Mezani: Haki ya Mtu Mwenye Ulemavu Anapokula Nje ya Nyumbani

Katika lugha ya sheria na ya taasisi za udhibiti nchini Tanzania, mtu anayenunua bidhaa au huduma kwa matumizi yake huitwa mlaji. Mnunuzi wa saruji ni mlaji, na vivyo hivyo mtumiaji wa umeme au wa simu. Mgahawani neno hili hurejea kwenye maana yake ya asili: mlaji ni mtu aliyeketi mezani akisubiri sahani yake. Makala haya yanamhusu mlaji ambaye mara nyingi hafiki mezani hapo, si kwa kukosa fedha, bali kwa sababu ya kizingiti, mtaro, benchi au kauli ya mhudumu.

Tunachukua mfano wa Kibaoni, mjini Ifakara. Ifakara ni mji wa wasafiri na wagonjwa. Reli ya TAZARA hupita hapo. Barabara ya kutoka Kidatu huingia hapo, na nyingine huvuka Mto Kilombero kuelekea Mahenge. Hospitali ya Mtakatifu Fransisko hupokea wagonjwa kutoka pande zote za bonde. Mtu aliyetoka mbali kuja kliniki hana jiko karibu, na huenda ana dawa ambazo ameagizwa kuzimeza baada ya kula. Kwake yeye mgahawa si anasa. Akikosa pa kuingia, atashinda na njaa mpaka arudi kwake.

Watu wanaohusika si wachache. Sensa ya Watu na Makazi ya mwaka 2022 ilionesha kuwa asilimia 11.2 ya watu wenye umri wa miaka 7 na zaidi wana ulemavu wa aina fulani. Ni takriban mtu mmoja katika kila tisa.

Sheria inasemaje?

Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2009, na mwaka uliofuata Bunge likatunga Sheria ya Watu Wenye Ulemavu, Na. 9 ya mwaka 2010. Sheria hiyo inakataza ubaguzi kwa sababu ya ulemavu. Mkataba nao unagusa majengo na huduma zilizo wazi kwa umma hata kama mmiliki wake ni mtu binafsi. Mgahawa ni miongoni mwa huduma hizo.

Hata hivyo, Mkataba unazungumzia marekebisho yanayofaa, yasiyomtwika mtoa huduma mzigo uliozidi uwezo wake. Mama ntilie mwenye meza mbili chini ya turubai hatarajiwi kujenga kama hoteli ya ghorofa. Anachotarajiwa kufanya ni kile kilicho ndani ya uwezo wake: kusogeza benchi, kuondoa jiko njiani, kutaja vyakula kwa sauti, na kumhudumia mteja kwa heshima ileile anayowapa wengine.

Haki nne, mezani

Tarehe 15 Machi 1962 Rais John F. Kennedy wa Marekani alitaja haki nne za mlaji, ambazo baadaye zilikuwa msingi wa ulinzi wa walaji katika nchi nyingi. Tunazieleza hapa kama zinavyopaswa kuonekana mgahawani.

Haki ya usalama. Mlaji anastahili kuingia na kutoka bila kuumia. Mteremko unaokubalika kwa kiti mwendo ni wa urefu wa sentimita 12 kwa kila sentimita 1 ya kimo. Kizingiti cha sentimita 10, kwa hiyo, huhitaji mteremko wa sentimita 120. Ubao mfupi uliosimamishwa wima si mteremko, ni mtego. Mlango uwe na uwazi wa angalau sentimita 80. Baiskeli ya magurudumu matatu ni pana zaidi na mara nyingi haitapita mlangoni. Mwenye mgahawa aandae meza ya nje yenye kivuli, mahali ambapo mteja ataiona baiskeli yake. Wakati wa masika, matope na mitaro iliyojaa huongeza hatari, hivyo kivukio kiwe kipana na kiwe kimekazwa. Jiko la mkaa lisiwekwe kwenye njia ya wateja, kwani asiyeona hulijua kwa kuungua. Tena, mteja asibebwe pasipo ridhaa yake. Aulizwe kwanza kama anahitaji msaada, na ni yeye atakayeeleza ashikwe wapi.

Haki ya kupata taarifa. Vibanda vingi havina orodha iliyoandikwa. Mhudumu hutaja wali, ugali, maharage, samaki. Utaratibu huo humfaa asiyeona, lakini humwacha kiziwi gizani. Ubao wa chaki humfaa kiziwi na kumwacha asiyeona. Basi viwepo vyote viwili, na bei itajwe kabla ya kuagiza. Sahani ikifika, mhudumu amweleze asiyeona: wali uko upande wako, mboga kushoto, samaki ana miiba. Kwa mteja kiziwi, kalamu na karatasi, au kuonesha sufuria zenyewe, hutosha.

Haki ya kuchagua. Mteja mwenye ulemavu huchagua chakula na mahali pa kukaa kama wengine. Kumpelekea sahani nje kabla hajaulizwa ni kumchagulia. Mwenye ualbino anaweza kuhitaji meza iliyo mbali na jua; mwenye kutetemeka mikono anaweza kuhitaji kijiko, bakuli lenye kingo au kikombe chenye mkono. Haya ni maombi ya kawaida na hayaongezi bei. Wala si haki kumtoza mteja nafasi mbili kwa sababu kiti mwendo kimechukua nafasi. Pia mhudumu azungumze na mteja mwenyewe, si na aliyemsindikiza. Swali la "Huyu anakula nini?" humuumiza mtu mzima mwenye akili zake na fedha zake.

Haki ya kusikilizwa. Malalamiko ya mlaji yapokelewe na yajibiwe. Hatua zake tunazieleza hapa chini.

Tahadhari wakati wa kulipa

Usimtajie mhudumu namba yako ya siri ya malipo kwa simu, wala usimkabidhi simu akulipie. Kama huoni, tumia simu inayosoma kwa sauti au mtu unayemwamini. Ukilipa kwa noti, taja kiasi unachotoa, na mwombe mhudumu aitaje kila noti anayokurudishia akiiweka mkononi mwako.

Ukinyimwa huduma

Kwanza, zungumza na mwenye mgahawa. Mara nyingi kosa limetokana na kutojua, na humalizika hapohapo.

Pili, ikiwa hamkuelewana, weka kumbukumbu: jina la mgahawa, tarehe, saa, maneno yaliyosemwa, walioshuhudia, na risiti kama ipo.

Tatu, fika ofisi ya Serikali ya Mtaa au ya kata. Sheria ya mwaka 2010 imeweka kamati za watu wenye ulemavu katika ngazi za serikali za mitaa. Uliza kuhusu kamati ya eneo lako. Katika Halmashauri ya Mji wa Ifakara, Afisa Ustawi wa Jamii hushughulikia masuala ya ulemavu, Afisa Biashara masuala ya leseni, na Afisa Afya usafi na vyoo.

Nne, ikiwa umedanganywa kuhusu bei au huduma, peleka lalamiko Tume ya Ushindani (FCC). Ikiwa umebaguliwa, peleka Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora.

Kwa wenye migahawa

Mteja mwenye ulemavu haji peke yake kila mara. Huja na familia, na familia hurudi pale ilipoheshimiwa. Kabla ya kufungua kesho asubuhi, simama mlangoni pako na ujiulize: mtu asiyeweza kuinua mguu angeingiaje? Asiyeona angegonga nini kwanza? Asiyesikia angejuaje bei? Jibu la maswali hayo ndiyo orodha ya kazi zako, na zilizo nyingi kati yake hazihitaji fundi.